Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutembea na kufanya shopingi Namba na Dotonbori, Osaka

Watu wa nyumbani wakija Japani, awe amekuja kufuata magari mnadani, awe mwanafunzi au anapita tu akiwa safarini, Osaka akifika lazima aulize Namba, ule mtaa wa maduka na vyakula kusini mwa mji. Na maswali ni yaleyale kila mwaka, kwahiyo nimeyakusanya hapa, soma unalotaka uruke mengine.

Namba ni wapi hasa, mbona ramani inaonyesha stesheni kibao zenye jina hilohilo?

Osaka ina vitovu viwili vya mjini. Kaskazini kuna Umeda, maofisi na maghorofa marefu, kusini ndio kuna Namba, Dotonbori, Shinsaibashi na Nipponbashi, na wenyeji huo upande wote wa kusini wanauita Minami. Kila sehemu imeshikana na mwenzie, unatoka moja unaingia nyingine hujajua.

Kuhusu stesheni ni kweli ni vurugu. Kuna Namba ya reli ya Nankai ambayo ndio inakwenda uwanja wa ndege, kuna Namba ya treni za chini ya ardhi, kuna Osaka-Namba ya Kintetsu na Hanshin, alafu kuna JR Namba, ya kampuni ya reli ya JR, ambayo iko pembeni upande wa magharibi na ukishukia hapo unatembea kidogo. Zote zimeunganishwa na njia za chini zenye maduka, na huko chini ndio watu wanapotea. Ushauri wangu ukiona umezunguka bila kuelewa, panda ngazi za karibu toka nje juu barabarani, angalia ramani ya simu ukiwa unaona anga, ni rahisi zaidi kuliko kufuata vibao vya chini.

Viza je?

Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza, na inachukuliwa kabla ya safari, ubalozi wa Japani upo Dar es Salaam na Nairobi. Usije uwanjani ukitegemea kupewa ukifika.

Nikitua Kansai nafikaje Namba?

Uwanja wa Kansai upo kwenye kisiwa walichokijenga wenyewe baharini, ulifunguliwa 1994, na wengi wetu tunaokuja kupitia Dubai tunatua hapo moja kwa moja. Ukitoka fuata vibao vya Nankai. Kuna treni moja ya bluu inaitwa Rapi:t, ina viti vya kubuku nafasi, dakika kama 40 uko Namba. Na kuna ya kawaida ya uwanja wa ndege, hiyo inachelewa dakika chache tu na nauli yake ni karibu yen 1,000, mimi nampa kila mtu hiyo labda awe na mizigo ya kutisha. Treni ya Haruka ya JR ni nzuri ila haipiti Namba kabisa, inaelekea Tennoji, Shin-Osaka na Kyoto.

Ukitokea Tokyo panda Shinkansen, ile treni ya kasi, hadi Shin-Osaka, masaa mawili na nusu hivi, alafu shuka chini panda laini nyekundu ya Midosuji, robo saa tu. Nunua kadi ya ICOCA stesheni, unaweka hela unagusa getini unapita, na hiyohiyo unalipia hata maji dukani.

Nina siku moja tu, nianzie wapi?

Anzia soko la Kuromon asubuhi, maana jioni mapema linafungwa. Ni njia moja ndefu iliyoezekwa juu, kama mita 580, samaki, matunda, nyama, na vyakula vya kula hapohapo umesimama. Nisikufiche, bei za pale mbele zimepanda sana tangu watalii wajae, mshikaki mmoja wa nyama au mguu wa kaa unaweza kukutoa hela ya kula mlo kamili mtaa wa pili. Tembea uone, kula kitu kimoja, songa mbele.

Kutoka hapo nenda Doguyasuji, mtaa mfupi wa vyombo vya jikoni, ndio wenye migahawa wa Osaka wanaponunua. Sufuria, bakuli, vibao vya kukatia, taa za karatasi za kutundika mlangoni, na vile vyakula vya plastiki vinavyowekwa kwenye kabati la kioo nje ya mgahawa, yani unaona bakuli la tambi na yai limekatwa katikati ute unang'aa, kumbe plastiki tupu. Mimi huu mtaa naupenda kuliko Dotonbori yenyewe.

Mchana zama Shinsaibashi-suji, mtaa wa maduka wenye paa, mita 600 hivi, mvua ikinyesha wala hushtuki. Pembeni yake upande wa magharibi ni Amerikamura, vijana, mitumba na muziki, nitaieleza mbele. Jioni ndio ushuke Dotonbori taa zikiwashwa.

Na katikati ya zote usiache Hozenji Yokocho. Ni kichochoro cha mawe, kiko nyuma tu ya kelele za Dotonbori, unaingia na ghafla sauti zinapungua. Humo kwenye hekalu la Hozenji kuna sanamu ya Fudo, mlinzi katika dini ya Kibudha, ambayo watu wanaimwagia maji wakiomba, miaka nenda rudi, hadi imeota vimea vidogo vya kijani mwili mzima, sura huioni tena. Kuna mtungi na kata hapo mbele, mama mmoja anachota, anamwagia mara moja, anakunja mikono, anaondoka zake kazini. Hekalu lenyewe liliungua kwa mabomu ya vita mwaka 1945, sanamu ikabaki. Ukiwa hapo ongea taratibu, watu wanaswali.

Hilo ndilo ninalomwambia kila mgeni, Namba uzuri wake uko mtaa mmoja nyuma ya ule wenye mabango. Ukibaki pale mbele tu utaona taa na foleni, utalipa bei ya mtalii, utaondoka unasema Osaka ni kelele.

Lile bango la mtu anakimbia lina nini hasa, mbona kila mtu anapiga nalo picha?

Ni tangazo la Glico, kampuni ya peremende. Bango la kwanza liliwekwa 1935, limebadilishwa mara kadhaa, hili la sasa ni la sita, la taa za LED, limewashwa tangu Oktoba 2014. Unasimama daraja la Ebisubashi, juu ya mfereji wa Dotonbori, unainua mikono miwili na mguu mmoja kama yeye, basi. Jioni daraja linajaa kiasi kwamba kupita ni kusukumana, ukitaka picha safi shuka kwenye njia ya mbao kando ya maji au nenda daraja linalofuata.

Mfereji wenyewe ulianza kuchimbwa 1612 ukaisha 1615, aliyeuanzisha ni mfanyabiashara Doton, akafa vitani kabla haujaisha ndio ukapewa jina lake. Baadae zikaja nyumba za maigizo pande zote, watu wakitoka kutazama wanakuta chakula mlangoni, na ndio mpaka leo pamekaa hivyo.

Kuna kisa watu wa hapa watakusimulia tu. Mwaka 1985 timu yao ya besiboli ya Hanshin Tigers ilichukua ubingwa wa Japani, mashabiki wakawa wanaruka mtoni, wakabeba na sanamu ya yule mzee wa KFC wakaitupa majini. Baada ya hapo timu ikakaa miaka na miaka bila ubingwa wa Japani, watu wakasema ni laana ya mzee. Wapiga mbizi wakaja kuikuta sanamu 2009, na ubingwa ukarudi 2023. Siku hizo za mpira polisi wanajaa darajani, na wewe usijaribu kuruka, maji ni machafu na watu walishawahi kufa.

Nile nini?

Takoyaki kwanza. Ilizaliwa hapahapa Osaka miaka ya 1930. Simama mbele ya kibanda uangalie kabla hujaagiza, jamaa ana bamba la chuma lenye mashimo, anamimina uji wa unga mpaka unafurika juu ya bamba lote, anadondosha kipande cha pweza kila shimo, tangawizi nyekundu, majani ya kitunguu, alafu anachukua kijiti cha chuma anaanza kukata na kugeuza, moja moja, haraka, ule uji uliofurika anausukumia ndani ya shimo mpaka inakuwa duara. Juu anapaka sosi, mayonezi na maganda membamba ya samaki mkavu ambayo yanacheza kwa mvuke. Nje imekauka, ndani bado ni uji wa moto kabisa, tafadhali usiweke nzima mdomoni, itoboe kwanza ipumue. Mtu wa pwani aliyezoea pweza ataipenda mara moja.

Kuna okonomiyaki, kabeji na unga vinakaangwa kwenye bamba mezani kwako. Na kushikatsu, vijiti vya nyama na mboga vya kukaanga, sheria yake ni moja, penye sosi ya pamoja unachovya mara moja tu, ukishang'ata hurudishi.

Mimi ni Mwislamu, nitapata chakula?

Utapata ila lazima uulize. Okonomiyaki ya kawaida huja na vipande vya nguruwe juu, tambi za rameni nyingi supu yake ni mifupa ya nguruwe, na hata ambavyo havina nyama mara nyingi vina mirin au sake, zote pombe za mchele, kwenye sosi. Nguruwe ni buta, pombe ni sake au arukooru, jifunze hayo matatu na uwe na sentensi iliyoandikwa Kijapani kwenye simu umwonyeshe mhudumu, ni bora kuliko kuuliza kwa mdomo maana wengi wanaona aibu kusema hawajui. Namba ina migahawa yenye cheti cha halali, pia ya Kihindi, Kipakistani na Kituruki, tafuta kwenye ramani siku hiyohiyo maana inafunguliwa na kufungwa. Kwa ibada, uwanja wa Kansai una vyumba vya kuswalia kwahiyo kama ndege yako ni ya jioni panga swala yako huko.

Naweza kupatana bei?

Dukani kwa kawaida hapana, bei iliyoandikwa ndio hiyo, na hakuna kutoa bahshishi popote, hata ukiacha chenji mezani mtu atakukimbiza akurudishie. Osaka ni mji wa wafanyabiashara tangu zamani, kwahiyo kwenye maduka ya vifaa vya umeme au ya vitu vilivyotumika ukinunua vitu kadhaa unaweza kuuliza kwa upole kama kuna punguzo. Wakisema hapana, ishia hapo. Usianze na nusu bei kama upo Kariakoo, utamfedhehesha muuzaji.

Hii habari ya kununua bila kodi ikoje?

Kodi ya mauzo Japani ni asilimia 10, chakula cha kubeba asilimia 8. Mgeni wa muda mfupi anasamehewa kwenye maduka yenye alama ya Tax-free, sharti ununue kuanzia yen 5,000 kabla ya kodi, duka moja siku moja, uwe na pasipoti halisi mkononi, picha ya pasipoti kwenye simu hawaikubali. Mpaka mwisho wa Oktoba 2026 unasamehewa hapohapo dukani, na vitu vya kutumika kama vipodozi na peremende vinafungwa kwenye mfuko maalum, huruhusiwi kuufungua hadi utoke nchini. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utaratibu unageuka, unalipa bei kamili na kodi, alafu unarudishiwa baada ya forodha uwanja wa ndege kuthibitisha unaondoka navyo. Kwahiyo ukija baada ya hapo usifungie vitu chini kabisa ya begi, na fika uwanjani mapema.

Ndugu zangu mnaoishi hapa kwa viza ya masomo au kazi, hii sio yetu, msipeleke pasipoti mkaanza kubishana na binti wa watu kaunta.

Nataka kununua rice cooker na vitu vya umeme, nifanye nini?

Hapa naomba usome taratibu maana ndipo hela nyingi zinapopotea. Umeme wa Japani ni volti 100. Nyumbani Tanzania ni 230, Kenya 240. Ukichukua rice cooker ya hapa, au draya ya nywele, au pasi, ukaichomeka Dar kwa adapta ya kichwa tu, inaungua, adapta inabadili umbo la plagi haibadili umeme.

Geuza kifaa, tafuta kibandiko cha nyuma au chini. Kikiandikwa 100-240V beba bila wasiwasi, chaja za simu, laptopu na kamera nyingi ziko hivyo. Kikiandikwa 100V tupu, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na kwa jiko la wali au kitu chochote kinachopasha moto transfoma yenyewe ni kubwa, nzito na ghali kiasi kwamba bora ungenunua nyumbani. Maduka makubwa kama Bic Camera pale Namba huwa na toleo la kuuzwa nje, volti 220 hadi 240, linakaa sehemu yake, uliza hilo. Bei yake iko juu kidogo ila linafanya kazi.

Kwa spea, kebo, redio, vinyago vya katuni na michezo ya zamani ya video nenda Den Den Town, Nipponbashi. Ukiona kitu kimeandikwa ジャンク ujue kinauzwa kama kilivyo, hakuna kurudisha, kinaweza kisiwake kabisa.

Simu iliyotumika je, ni salama kununua?

Kwa maoni yangu ni moja ya vitu bora vya kununua hapa, watu wanatunza simu mpaka unashangaa. Angalia vitu vitatu. Iwe imeandikwa SIMフリー, hasa kama ni ya zamani, maana simu zilizotoka kabla ya Oktoba 2021 nyingi zilikuwa zimefungwa kwa kampuni moja. Kuna alama ya mtandao pia, ○ ni salama, △ ina maana deni la simu bado linalipwa na inaweza kuja kufungiwa, × imeshafungiwa. Alafu angalia afya ya betri. Ujue pia kwamba simu nyingi za Japani ukiwa hapa mlio wa kamera hauzimiki kwenye programu yake ya kawaida, kama hilo linakukera fikiria mapema.

Nguo na viatu, saizi zetu zipo?

Viatu vinapimwa kwa sentimita, 27 ni kama 42 na nusu. Wanaume wa mguu mkubwa sana watahangaika, na akina dada wanaovaa zaidi ya 25 pia. Nguo zao L ni kama M yetu, jaribu kwanza, na ukiingia chumba cha kujaribia vua viatu, dada mwenye vipodozi atapewa kitambaa cha kufunika uso asichafue nguo. Mitumba ya Amerikamura ndio kimbilio, nguo nyingi zimetoka Marekani kwahiyo saizi kubwa zipo, jinzi, jaketi, fulana za timu. Zinapangwa kwa hanga, zimefuliwa, zimepigwa pasi, ila sio bei ya mtumba wa Karume, usishtuke.

Kuhusu ngozi na nywele zetu, beba vya kwako. Maduka ya dawa ya Shinsaibashi yana sanskrini nzuri na vipodozi vya kila aina, ila mafuta ya nywele za Kiafrika na poda za rangi yetu ni adimu.

Nimesikia visu vya Osaka ni vizuri.

Ni kweli, mji wa jirani wa Sakai umekuwa ukifua visu kwa karne nyingi na Doguyasuji vinauzwa. Mwambie muuzaji unapika nini, atakutolea viwili vitatu uvishike. Muulize kama ni chuma kinachoshika kutu, hicho kinakata ajabu lakini kila ukimaliza lazima ukioshe na kukikausha hapohapo, kama nyumbani kwako vyombo vinalala kwenye sinki chukua kisichoshika kutu. Ukitumia mkono wa kushoto sema, maana vingine vimenolewa upande mmoja tu. Duka nyingi wanakuchongea jina. Kikishafungwa usikifungue njiani, kutembea na kisu cha zaidi ya sentimita 6 bila sababu ni kosa la kisheria, na kwenye ndege kiende begi la chini.

Nibebe keshi au kadi?

Vyote. Maduka makubwa yanachukua Visa na Mastercard, ila vibanda vya chakula, vichochoro na mahekalu ni keshi. Mashine za kutolea hela ndani ya 7-Eleven zinakubali kadi za nje. M-Pesa huku wakala hakuna, toa mawazo.

Usiku ni salama?

Salama sana ukilinganisha na miji mingi, wadada wanatembea saa tano usiku bila shida. Ila kuna vijana barabarani, hasa upande wa Soemoncho kaskazini mwa mfereji, wanakuita uingie baa ya ghorofani, bei nzuri, karibu kaka. Usimfuate hata mmoja, bili inayokuja mwisho sio uliyoambiwa. Usisimame, usijibu, endelea na safari.

Sigara barabarani ni marufuku Osaka nzima tangu Januari 2025, faini yen 1,000. Mapipa ya taka ni machache, kaa na mfuko wako, au mrudishie aliyekuuzia takoyaki sahani yake. Na kwenye ngazi za umeme Osaka watu wanasimama kulia, Tokyo ni kushoto.

Nina watoto, watachoka?

Wapeleke Namba Parks, juu ya jengo la maduka kuna bustani inayopanda ngazi kwa ngazi, miti na maji, bure, na zamani hapo palikuwa uwanja wa besiboli. Kuna boti ya Dotonbori ya dakika 20, na gurudumu la kupanda la duka la Don Quijote lenye umbo la yai, mita 77 juu. Na hekalu la Namba Yasaka lina jukwaa lenye umbo la kichwa cha simba kimo cha mita 12 mdomo wazi, wanasema kinameza mikosi, watoto wangu hapo hawakutaka kuondoka.

Mizigo imenizidi, nifanyeje?

Stesheni zote za Namba zina makabati ya kulipia, yale makubwa asubuhi tu yameshajaa kwahiyo wahi. Kama unaendelea Tokyo au Kyoto, hoteli yako inaweza kulituma begi kwa kampuni ya usafirishaji, linafika kesho yake, unapanda treni mikono mitupu. Na begi la ziada usinunue pale Shinsaibashi mbele, vuka kwenda vichochoro vya nyuma karibu na Doguyasuji au Don Quijote, ila pima kilo zako kabla ya kwenda uwanjani, maana kilo iliyozidi kwenye ndege inaweza kuwa ghali kuliko kitu ulichoweka ndani.